Irabu za Kiingereza hazifundishiki kwa chaki pekee

Ni jambo la kawaida katika shule zetu kumsikia mwanafunzi akitamka maneno "had", "hard" na "heard" kwa sauti moja, na mwalimu asione kasoro yoyote kwa kuwa naye hutamka vivyo hivyo. Wapo wanaodai kwamba hilo si neno, maadamu muktadha utamwongoza msikilizaji. Sikubaliani nao. Mgonjwa akimwambia daktari kwa Kiingereza kwamba usiku alikuwa na kikohozi, na mwingine akasema kwamba usiku alisikia kikohozi, muktadha hautamsaidia daktari ikiwa irabu za "had" na "heard" zimegeuka kuwa moja.

Chanzo cha tatizo hili chajulikana. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu ina herufi yake. Lafudhi ya Kiingereza aliyoieleza Daniel Jones katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, ambayo vitabu vyetu vya shule bado huiegemea, huhesabiwa kuwa na irabu 20: 12 za sauti moja, na nane ambazo ulimi huanzia mahali pamoja ukaishia pengine. Herufi za kuziandikia ni zile zile chache. Basi mwanafunzi akiona "a" ubaoni, huisoma kama "a" ya Kiswahili, na mambo yakaishia hapo.

Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba sikio la Mwafrika halikuumbiwa tofauti hizo. Kiswahili chenyewe chawasuta. Neno "bag" lilipoingia katika lugha yetu likawa begi, "bank" likawa benki, na "taxi" likawa teksi. Ilhali "bus" lilikuwa basi, na "club" likawa kilabu. Waliokopa maneno hayo waliyapokea kwa sikio, wakatia "e" upande mmoja na "a" upande wa pili, kwa sababu Waingereza wengi wa enzi hiyo hawakupanua sana kinywa walipotamka "bag". Mwanafunzi wa leo, aliyelipata neno hilo kitabuni, hutamka "bag" na "bug" kana kwamba ni neno moja.

Tazama pia "shirt", "skirt" na "nurse". Irabu yake ni moja, lakini sisi tuna shati, sketi na nesi. Irabu hiyo haina jirani wa karibu katika Kiswahili, hivyo ikatangatanga baina ya "a" na "e". Wasichana wetu huvaa shati na sketi kila asubuhi bila kujua kwamba wamevaa irabu ile ile mara mbili! Kuitamka si kazi ngumu: kinywa kifunguliwe kiasi, ulimi ulale katikati bila kuinuka mbele wala nyuma, midomo isiviringwe wala isitanuliwe.

Fauka ya hayo, wengi wa wanafunzi wetu huja shuleni wakiwa na irabu zaidi ya tano. Gikuyu ina saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya "i" na "u". Dholuo ina tisa, ambazo hupambanuliwa kwa kusogeza shina la ulimi mbele au kuliacha nyuma, ingawa maandishi yake hutumia herufi tano tu. Mtoto wa Kisumu anayesoma Dholuo amezoea tangu utotoni herufi moja kubeba sauti mbili. Mwalimu anayemfundisha "ship" na "sheep" angeanzia hapo, badala ya kumchukulia kama debe tupu.

Badala yake mwalimu humwambia avute sauti: "sheep" ni ndefu, "ship" ni fupi. Ushauri huo ni nusu ya ukweli, na wakati mwingine hupotosha. Irabu ya "beat" hufupishwa na konsonanti inayoifuata, hata ikakaribia urefu wa ile ya "bid". Kinachozitenganisha hasa ni mahali pa ulimi: katika "beat" huinuka juu na mbele, katika "bid" hushuka kidogo na kulegea. Anayevuta tu huishia kuwa na "i" moja, ndefu na fupi.

Nao mtihani hausaidii. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE hutahini stadi za mazungumzo kwa kalamu. Mtahiniwa huandika neno linalotamkwa sawa na jingine, akapata alama bila kufungua kinywa. Kwa hiyo orodha hukaririwa, na anayeongoza darasa aweza kuwa hajawahi kuzisikia sauti anazoziandikia majibu.

Simdai mwanafunzi lafudhi ya London. Namdai tofauti, azitamke kwa lafudhi aitakayo. Na kazi hiyo huanza kwa kusikiliza. Mwalimu na aufunike mdomo wake kwa kitabu, ataje "cat", "cut", "cart" na "curt" kwa mpangilio wowote, nao wanafunzi wainue kidole kimoja, viwili, vitatu au vinne. Asiyejiamini atumie kamusi yenye sauti katika simu yake. Wasiambiwe watamke lolote mpaka vidole viafikiane. Kwa wanafunzi wangu, kidole cha nne ndicho huchelewa zaidi.