Mombasa Iliwaka Usiku Kucha

Kazi yangu ni kujaza mitungi ya kuzimia moto. Karakana iko Kariakoo, Dar es Salaam, lakini wateja wengi wako Posta: ofisi za Samora, za Mtaa wa Zanaki, maghorofa ambayo lifti ikigoma unapanda ngazi na mtungi begani. Wananiita "fundi wa faya." Ukikaa na kazi hii, hata vitabu vya vita unavisoma kwa jicho lake. Unataka kujua kilichoungua ni nini, kiliwashwaje, na kwa nini hakikuzimika.

Wapenzi wa vita vya zama za kati watakutajia kwanza moto wa Kiyunani. Katika miaka ya 670, fundi aitwaye Kallinikos alikimbilia Konstantinopoli na maarifa ya kurusha mafuta yanayowaka kwa bomba kutoka merikebuni, yakaendelea kuwaka hata juu ya bahari. Waislamu nao walikuwa na nafta, mafuta yanayobubujika yenyewe ardhini. Waliyatia kwenye vyungu vidogo vya udongo, wakavivurumisha kwa mkono au kwa manjaniki. Mwaka 1168 waziri Shawar wa Misri aliuchoma mji wake mwenyewe wa Fustat, kando ya Kairo, Wapiganaji wa Msalaba wasije wakaukalia. Mwanahistoria al-Maqrizi anataja vyungu 20,000 vya nafta na moto wa siku 54.

Ukimwagia maji moto wa namna hiyo, umeusindikiza: mafuta yanaelea na kwenda kuwaka kwingine. Wazee wale walitumia mchanga, siki, hata mikojo. Mchanga haujastaafu. Angalia zile ndoo nyekundu kwenye vituo vya mafuta.

Pwani yetu, hata hivyo, haikuhitaji nafta. Agosti 1505 Francisco de Almeida alifika Mombasa na merikebu za Wareno, akiwa ameshaiteka na kuipora Kilwa mwezi Julai. Mombasa haikumpokea kwa adabu. Ilikuwa na ngome yenye mizinga bandarini, ikampiga. Wareno wakajibu, na risasi yao ikaangukia baruti ya watetezi. Ngome ile ikawaka, waliokuwamo wakatoka mbio. Kisha Almeida akaamuru mji utiwe moto.

Aliyetuachia maelezo ni Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa karani katika msafara ule, na nampenda kwa sababu anaandika kama mkaguzi. Nyumba za mawe, anasema, baadhi za ghorofa tatu. Mitaa myembamba, watu wawili hawatembei sambamba. Halafu anataja kitu ambacho mimi ningekipigia mstari mwekundu: karibu kila nyumba ya mawe ilikuwa imeegeshewa banda la mbao, lililoezekwa kwa majani ya mnazi, na mazizi ya mifugo humo humo. Hapo huhitaji silaha ya siri. Kijinga kimoja kinatosha, upepo wa pwani unamalizia.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Moto uliwaka hadi asubuhi, nyumba zikaporomoka, na mali nyingi ya biashara ya Sofala na Kambaya ikateketea. Ndipo askari wakaingia, wakipigwa mawe kutoka juu ya nyumba katika vichochoro vile vile.

Lakini jiwe linaporomokaje kwa moto? Kuta za matumbawe zinasimama, ila sakafu na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ikiungua, dari nzima inashuka na uzito wake wote. Na tumbawe lenyewe, likikaa kwenye moto mkali kwa muda mrefu, linageuka chokaa. Ndivyo mafundi wa pwani walivyoipata, kwa kupanga matumbawe juu ya kuni na kuyachoma.

Kwa hiyo mteja wa Kariakoo akiniambia, "Fundi, jengo langu ni zege, liungue nini?" mimi huangalia barazani. Kuna meza za mbao, maturubai, maboksi ya viatu mpaka dirishani, na waya mmoja umevutwa kutoka duka la jirani. Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu lilipoungua, lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli, nalo lilikuwa zege. Zege linabaki. Mzigo ndio unaokwenda, pamoja na mtaji wa mwenye mzigo.

Mombasa ilijengwa tena. Mreno mwingine, Nuno da Cunha, alipofika 1528 alikuta mji wa kuutamani, akauteka na kukaa humo miezi kadhaa, huku homa ikiwapukutisha askari wake kuliko mishale ilivyofanya. Mwaka 1529, kabla ya kupandisha tanga na kuondoka, akauchoma kwa mara nyingine.