Mahojiano ya kompyuta hayamtaki kasuku

Hivi majuzi kijana mmoja niliyemfunza hisabati katika shule ya upili alinitembelea akiwa amejaa simanzi. Amefuzu shahada ya sayansi ya kompyuta, na kwa miezi minne alikuwa amekariri mamia ya maswali pamoja na majibu yake, akijiandaa kwa mahojiano ya kazi katika kampuni kubwa ya uhandisi wa programu. Siku ilipowadia aliulizwa swali alilolijua. Akaliandika jibu upesi, pasipo kutamka neno. Ndipo mhoji akamwambia: "Sasa chukulia kwamba orodha hii haina kitu hata kimoja. Programu yako itafanya nini?" Kijana akaduwaa, na kazi ikamponyoka.

Nilimpa pole, lakini moyoni nilijua kwamba lawama haikuwa yake peke yake. Mimi ni miongoni mwa walimu waliomlea kwa karatasi za mitihani iliyopita. Tulimzoesha kulitambua swali, wala si kulichunguza.

Yafaa ieleweke mahojiano haya ni ya namna gani. Mtahiniwa hupewa tatizo na muda wa dakika 45 hivi, aandike programu ubaoni au kwenye ukurasa anaoutazama pamoja na mhoji, huku akieleza kwa sauti anachokifikiri. Zamani baadhi ya kampuni zilipenda pia mafumbo ya kutega akili. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi katika Google, alikiri hadharani kwamba mafumbo hayo yalikuwa kupoteza wakati bure, kwani hayakubashiri lolote kuhusu utendaji wa mtu kazini.

Hebu tuchukue mfano mmoja. Una orodha ya majina milioni moja yaliyopangwa kialfabeti, nawe watafuta jina moja. Ukiyapitia moja baada ya jingine, huenda ukayasoma yote milioni. Lakini ukianzia katikati, ukaitupa nusu isiyohusika, kisha ukarudia vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki, hutazidi hatua 20. Kila afunguaye kamusi hufanya jambo linalokaribia hilo. Ni swali jepesi, au sivyo?

La hasha! Jon Bentley, katika kitabu chake Programming Pearls, anasimulia jinsi alivyowapa wataalamu zoezi hili hili. Baada ya kupewa muda wa kutosha, takriban tisa kati ya kila kumi waligundua makosa katika kazi yao. Fauka ya hayo, mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kwamba programu ya aina hiyo aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya lugha ya kompyuta ya Java ilikuwa imeficha kosa kwa takriban miaka tisa. Ili kuipata nafasi ya katikati, programu ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho, kisha ikagawa kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla hiyo huvuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo namba kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa hapo, nayo hugeuka kuwa hasi. Dawa yake ni kutafuta kwanza tofauti ya nafasi hizo mbili, kuigawa nusu, kisha kuijumlisha na nafasi ya mwanzo. Na kosa lilikuwa lile lile lililokuwamo katika kitabu cha Bentley!

Ikiwa magwiji wa kiwango hicho waliteleza, mhoji hamtarajii kijana wa miaka 23 asikosee. Anachotaka kuona ni jinsi anavyolisaka kosa lake na kulikubali bila kujikanyaga.

Wapo watakaosema kwamba mahojiano haya nayo yamegeuka kuwa mtihani wa kukariri, na kwamba kasuku wengine hupita. Sikatai. Maswali hurudiwa, na mwenye kufanya mazoezi mengi ana nafasi bora kuliko mvivu. Lakini swali likigeuzwa kidogo tu, mazoezi yasiyo na ufahamu hayamwokoi mtu.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, usianze kuandika kabla hujauliza. Kuuliza si ujinga. Je, orodha imepangwa? Yaweza kuwa tupu? Eleza kwanza njia ya kawaida, hata kama ni ya polepole, kisha utafute iliyo bora. Ukimaliza, ipitie kazi yako mstari kwa mstari kwa orodha tupu, ya kitu kimoja, na kubwa kupita kiasi. Nawe ufanye mazoezi mbele ya mwenzako, kwa sauti, si chumbani peke yako.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Tumwite mwanafunzi ubaoni aeleze njia aliyopitia hata pale jibu lake lilipo sahihi, na tumtuze yule anayeligundua kosa lake mwenyewe. Zoezi hilo halihitaji kompyuta wala umeme. Kipande cha chaki chatosha, pamoja na mwalimu asiyeogopa kuulizwa: "Na je, ikiwa tupu?"