Usanifu wa Sanaa Shirikishi ya Mwanga: Mfano wa Uwanja wa Sangailu

Sanaa shirikishi ya mwanga ni ile inayobadilika kwa kitendo cha mpitaji: akisogea au akinyoosha mkono, taa hujibu. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi dhana hii si ngeni. Fanani husema "Paukwa!", asipoitikiwa "Pakawa!", hana ngano.

Mfano mashuhuri ni kazi ya Rafael Lozano-Hemmer iitwayo Body Movies, iliyoonyeshwa mwaka 2001 katika uwanja wa mjini Rotterdam, Uholanzi. Picha za watu zilimulikwa ukutani, kisha zikafifizwa na taa kali zilizowekwa chini. Mpitaji alipozikinga taa hizo, kivuli chake, chenye urefu wa mita 2 hadi 25 kutegemea alivyozikaribia, kilifichua sura iliyokuwa imefichika. Sanaa yenyewe, basi, imo kivulini.

Nimeteua Sangailu, katika Kaunti ya Garissa, kwa sababu huko giza lina historia. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Aliyewahi kuishi chini ya amri kama hiyo hatafurahia taa inayomwandama ghafla; atahisi anapelelezwa. Hivyo basi, swali la kwanza la msanifu ni hili: nani anaiamuru taa?

Napendekeza mapazia meupe 6 yatandazwe uwanjani, kila moja na taa ya wati 20 nyuma yake. Mchezaji asimame kati ya taa na pazia. Watazamaji wa upande wa pili waone kivuli tu, si uso. Kamera ziachwe kabisa. Vitambuzi vya joto navyo vina kasoro: havibagui mtu na mbuzi. (Binafsi namhesabu ngamia kuwa mshiriki halali, lakini angemaliza betri mapema.) Afadhali kibonyezo, mtu awashe na kuzima mwenyewe.

Hesabu ya nishati ni nyepesi. Taa 6 hutumia wati 120; kwa saa 5 ni wati-saa 600. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, ila haifai kutumiwa kupita nusu ikiwa inatakiwa kudumu. Betri moja inayochajiwa na paneli za jua inatosha, bila akiba ya siku ya mawingu.

Aidha, mwanga wa rangi ya chungwa huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye usamawati. Taa zizibwe juu, mwanga usipande angani: wafugaji wa Kisomali wana elimu kongwe ya kupima majira kwa nyota, na mzee anayetazama anga asilazimike kwanza kuomba watoto wazime sanaa.