Chaji Inayobaki Jioni: Simu ya Mkononi na Afya katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Tarehe 15 Januari 2025, Wizara ya Afya ilieleza kwamba sampuli za watu walioshukiwa kuugua Marburg mkoani Kagera zilikuwa zimepimwa na hazikuonyesha virusi vya ugonjwa huo. Siku tano baadaye, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa mkoani humo, na eneo lililotajwa lilikuwa Wilaya ya Biharamulo. Taarifa zote mbili zilikuwa rasmi, na kila moja ilieleza majibu ya vipimo yaliyokuwapo siku ilipotolewa. Tatizo la ujumbe wa simu ni kwamba hauzeeki. Picha ya tangazo la tarehe 15 ikishasambazwa kutoka kundi sogozi moja hadi jingine, huweza kumfikia mkazi wa Nyakahura au Lusahunga wiki mbili baadaye, ingali na nembo ya Serikali, ikimwambia kwamba ugonjwa haupo.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Watu 10 walihesabiwa kuwa waliugua, wawili wakiwa wamethibitishwa maabara na wanane wakikadiriwa kutokana na dalili na mazingira yao. Wote 10 walifariki. Kagera ilikuwa imekwisha kupitia msiba wa aina hiyo mwaka 2023, katika Wilaya ya Bukoba, na ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, mlipuko mwingine ulikuwa umetangazwa mwezi Septemba 2024 na kumalizika Desemba mwaka huohuo. Wakazi wa Rusumo wilayani Ngara, ambako malori huvuka mpaka usiku na mchana, walikuwa na kila sababu ya kutaka kujua nini kinaendelea.

Hapo ndipo swali la matumizi ya simu linapoacha kuwa swali la adabu ya vijana na kuwa swali la afya ya jamii. Aghalabu mtu anayepitisha kidole juu ya kioo kwa saa nzima huambiwa kwamba anapoteza muda. Ni kweli, ila lawama hiyo haimsaidii sana. Programu za mitandao ya kijamii zimeundwa zisiwe na ukurasa wa mwisho. Gazeti huisha, taarifa ya habari huisha, lakini mkondo wa video fupi haumpi mtazamaji mahali pa kutua. Linalofaa zaidi ni kumwonyesha kazi nyingine ambayo simu hiyohiyo inaweza kuifanya, na ambayo katika wilaya hizi mbili ina uzito wa uhai.

Kazi ya kwanza ni kuuliza. Namba 199 ya Kituo cha Huduma kwa Wateja cha Wizara ya Afya hupigwa bila malipo, na haihitaji simu janja wala bando. Dalili za mwanzo za Marburg, yaani homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana na maumivu ya misuli, hufanana mno na za malaria, maradhi ambayo hakuna familia ya Kagera isiyoyajua. Mtu mwenye homa baada ya kumuuguza au kumzika ndugu hawezi kujipima kwa video. Anachohitaji ni kuzungumza na anayeweza kumwelekeza aende wapi na asafirije bila kuwaambukiza wengine, kwa kuwa virusi hivyo hupita katika damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mwili.

Kalenda ya simu, ambayo wengi hawajawahi kuifungua, nayo ina nafasi yake. Dalili za Marburg huanza kati ya siku 2 na 21 tangu mtu alipoambukizwa. Aliyemgusa mgonjwa akiandika tarehe hiyo na kuweka ukumbusho wa siku ya 21, hana haja ya kukisia muda wa kufuatiliwa umebaki kiasi gani. Ndiyo hesabu ileile wanayoitumia wataalamu: mlipuko hutangazwa kwisha zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili. Na ujumbe wowote wa afya unaoingia kwenye kundi upimwe kwa swali moja jepesi kabla ya kusambazwa: ni wa tarehe ngapi? Usio na tarehe ubaki kwa aliyeupokea mpaka apate uthibitisho.

Kwa anayetaka kusikia badala ya kusoma, simu nyingi ndogo, zile ziitwazo vitochi, zina redio ndani yake, ambayo hutumia waya wa spika za masikioni kuwa antena na haili bando hata kidogo. Ngara ina sababu ya pekee ya kuiheshimu redio. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 tu, na mwaka uliofuata Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera wilayani humo ili watu waliotengana na jamaa zao na kuzungukwa na uvumi wapate habari za kutegemewa. Uvumi wa kambini ulienda kwa mdomo, nao wa leo huenda kwa kidole, lakini dawa yake haijabadilika sana.

Hata hivyo, gharama kubwa ya kuperuzi bila lengo katika vijiji vya Ngara na Biharamulo huenda isiwe muda wala bando. Ni chaji. Nyumba isiyo na umeme hupeleka simu kibandani kuchajiwa kwa fedha, au huisubiri sola ndogo iliyo juu ya bati. Video huila betri haraka kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya simu. Simu iliyotazamwa tangu alasiri huwa imezimika saa nne usiku, na saa nne usiku ndipo uchungu wa kujifungua unapoweza kuanza.

Tanzania ina mfumo wa M-mama, ambao ulianza kujaribiwa mwaka 2013 katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga, kisha mwaka 2022 ukazinduliwa kwa ajili ya nchi nzima. Namba yake ni 115, nayo ni ya bure. Anayepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, hupima uzito wa dharura, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likiwa mbali au halipo, humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa nauli yake kwa fedha za simu. Huduma hiyo ni ya mjamzito, ya mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na ya mtoto mchanga mpaka siku 28. Wataalamu wa afya ya uzazi husema kwamba mama hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Simu yenye chaji hugusa miwili ya mwanzo. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na barabara ya udongo wakati wa masika haina huruma.

Lipo jambo ambalo matangazo hulisahau. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na mwenye kuibeba ni mume. Yeye akiwa mnadani au safarini Nyakanazi, namba 115 iliyohifadhiwa ndani ya simu yake haimsaidii aliyebaki nyumbani. Kwa hiyo ni afadhali tarakimu hizo tatu zikae kichwani mwa mama, mama mkwe na jirani, na ziandikwe kwa mkaa ukutani ikibidi, ili simu yoyote itakayopatikana itumike. Pamoja nazo zijulikane dalili zisizosubiri asubuhi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Simu ya nyumba yenye mjamzito wa miezi ya mwisho isishuke chini ya robo ya chaji usiku. Aliye na simu janja anaweza kuwasha mpangilio wa kubana matumizi ya betri na kuzima data anapokwenda kulala.

Kwa wakazi wa mpakani kuna hila nyingine. Huko Rusumo na Kabanga, simu inaweza kuacha mnara wa Tanzania na kushika wa Rwanda au Burundi bila mwenyewe kugundua. Mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba namba fupi kama 115 na 199 ni za mitandao ya Tanzania, na haziwezi kutegemewa zikipigwa kupitia mnara wa ng'ambo. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, kuacha uteuzi wa mtandao wa kiotomatiki na kuchagua mtandao wa Tanzania kwa mkono.

La pili huonekana dogo: Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu iliyoachiwa kujipangia saa hufuata mnara ilioushika. Alamu iliyowekwa saa mbili usiku kwa ajili ya dawa italia saa tatu kwa saa za Tanzania. Kuchelewa kwa saa moja siku moja hakuharibu tiba, lakini mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa kwa miezi sita, au anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI maisha yake yote, hujengwa na mazoea, na alamu inayoyumba huyavunja mazoea. Siku ya kliniki nayo huanza na foleni ambayo haimsubiri aliyefuata saa ya Kigali. Saa ya simu ipangwe kwa mkono.

Mengine ni mepesi na hayahitaji maelezo marefu. Mwenye shinikizo la damu anaweza kuandika vipimo vyake na tarehe zake katika sehemu ya kumbukumbu ya simu, akamwonyesha daktari mwenendo wa miezi mitatu badala ya kipimo kimoja cha siku hiyo. Picha ya boksi la dawa humwokoa mzee asiyekumbuka jina la kidonge chake. Picha ya kadi ya kliniki ya mtoto, kila ukurasa, huwa akiba pale kadi yenyewe inapolowa mvua au kubaki nyumbani mtoto alikopelekwa kwa bibi yake.

Picha hizo, hata hivyo, ni siri ya tiba. Zisirushwe kwenye kundi la ukoo kwa kuomba ushauri, sembuse picha ya mgonjwa mwenyewe akiwa kitandani, kama inavyotokea mara nyingi kunapokuwa na ugonjwa wa kutisha. Familia inayoogopa kuanikwa huficha wagonjwa wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Na kabla simu haijauzwa, haijagawiwa kwa mdogo mtu au kupelekwa kwa fundi, picha hizo zihamishwe kwanza, kisha zifutwe.