Ngoma Isiyokaririwa: Utangulizi wa Dansi Bunifu kwa Watoto wa Shule

Shule zetu hazina upungufu wa ngoma. Akija mgeni rasmi, watoto hutolewa darasani wakacheze sindimba au isukuti. Ikifika sikukuu ya taifa, mamia hupangwa uwanjani kwa halaiki. Nchini Kenya, tamasha la muziki lililoanza mwaka 1927 huzipambanisha shule hadi leo, ngoma za asili zikiwemo. Kwa hiyo hakuna haja ya kumweleza mwalimu wa Afrika Mashariki kwamba mtoto anaweza kucheza. Kinachoulizwa na taaluma ya dansi bunifu ni kingine: katika ngoma hizo zote, mtoto wa darasa la pili ameamua nini? Mara nyingi hajaamua chochote. Hatua zimechaguliwa na mwalimu, mistari imepangwa na mwalimu, na aliyekosea amerudishwa nyuma asionekane.

Katika dansi bunifu mwalimu haonyeshi hatua, anatoa swali. “Toka hapa ufike kwenye mwembe, lakini kiwiliwili chako kisipite juu ya kiuno changu.” “Wawili wawili: mmoja akiwa juu mwenzake awe chini, mbadilishane bila kugusana.” Maswali ya namna hii yana mipaka, nayo mipaka ndiyo inayomlazimisha mtoto kubuni. Mwalimu anayeanza husema “chezeni mnavyotaka” akidhani anatoa uhuru. Nusu ya darasa hukimbia ovyo, waliobaki huwaiga, na wachache hujibanza ukutani kwa haya. Kisha mwalimu huyo huandika kwenye shajara yake kwamba watoto hawana ubunifu. Ukweli ni kwamba hawakuulizwa kitu.

Mtu aliyeipa taaluma hii msamiati wake ni Rudolf Laban, aliyezaliwa mwaka 1879 Bratislava, mji uliokuwa katika milki ya Austria na Hungaria. Sifa zake zilikua Ujerumani, na haifai kuficha kwamba alifanya kazi chini ya wizara ya propaganda ya Wanazi hadi mwaka 1936, walipolipiga marufuku onyesho lake la watu wengi lililoandaliwa wakati wa Olimpiki ya Berlin. Mwaka 1938 alifika Uingereza. Miaka 10 baadaye akatoa kitabu Modern Educational Dance, kilichowasaidia walimu wengi wa huko kuingiza dansi katika shule za msingi. Kwamba mtu aliyewahi kupanga miili ya umati ndiye aliyekuja kutetea mwendo wa mtoto mmoja mmoja ni jambo la kutafakari, hasa kwetu tunaopenda halaiki.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi katika habari zake haihusu jukwaa. Wakati wa vita alishirikiana na F. C. Lawrence, mshauri wa viwanda wa Manchester, kuchunguza jinsi wafanyakazi wanavyotumia miili yao kazini. Kitabu chao, Effort, kilitoka mwaka 1947. Walitazama mwendo kwa maswali machache. Uzito: una nguvu au ni mwepesi? Muda: ni wa ghafla au wa taratibu? Nafasi: unakwenda moja kwa moja au unazungukazunguka? Mtiririko: umebanwa au umeachiliwa? Ukichanganya majibu ya maswali matatu ya kwanza unapata vitendo 8 vya msingi.

Mwalimu asihangaike kuvikariri kwa majina ya Kiingereza. Atavikuta jikoni na shambani. Kutwanga kuna nguvu, ni kwa ghafla, kunakwenda moja kwa moja. Kukamua nazi kuna nguvu pia, ila ni taratibu na kwa kujinyonganyonga. Kukung’uta maji vidoleni ni kwepesi, kwa ghafla, huku na huku. Kupiga pasi kitambaa laini ni kwepesi, taratibu, moja kwa moja. Mtoto anavijua vitendo hivi kabla hajaanza shule. Kazi ya somo inaanza pale mwalimu anaposema: kamua kwa mikono, sasa kamua kwa mgongo, sasa kamua kwa mwili mzima huku ukiinuka. Hapo nazi imekwisha kutoweka na dansi imeanza. Wasukuma walilifahamu hili bila Laban: katika bugobogobo jembe la shambani limekuwa chombo cha ngoma.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona dansi bunifu kama mgeni anayekuja kuzifukuza ngoma zetu. Mwaka 1962, akihutubia taifa kama Rais wa kwanza wa Tanganyika, Julius Nyerere alilalamikia elimu ya kikoloni iliyowafunza vijana dansi za Ulaya na kuwaacha bila ngoma zao, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Baadaye, mwaka 1981, kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Jitihada hizo zililea wasanii. Mtoto wa darasa la kwanza, kwa sehemu kubwa, alibaki mwigaji, ingawa mzee yeyote wa ngoma atakwambia kuwa mchezaji anayeingia kati ya duara hapigiwi vigelegele kwa kufanana na wenzake.

Wapo wanaoupinga mkondo wa Laban kwa hoja nzito. Jacqueline Smith-Autard, katika The Art of Dance in Education (1994), alitaka njia ya kati: mtoto abuni, lakini pia afunzwe ufundi wa kutunga, kucheza na kutazama dansi za wengine. Nadhani yuko sahihi. Kubuni bila kurudia ni kupiga porojo kwa miguu. Mtoto anayeweza kurudia kile alichokibuni, chenye mwanzo na mwisho, ametunga dansi. Kipimo hicho kinatosha kwa miaka ya mwanzo.

Kuhusu msongamano wa darasa: nusu wacheze, nusu watazame kisha waseme walichokiona, na ngoma ikinyamaza kila mtu agande. Mtoto asiyetembea hujibu swali lilelile kwa mikono na mabega. Mzazi anayesema amemleta mwanawe asome, si acheze, aalikwe atazame kipindi kimoja kabla ya kubishana naye.

Mwalimu, usingoje kumaliza kusoma. Kesho chukua dakika 20, kopo la kupiga na swali moja lenye mipaka, uwapeleke watoto nje. Kisha usiwaonyeshe jibu.