Maji Yabomoayo Nyumba

Hapa Kasapa, pembeni mwa mji wa Lubumbashi, masika huchukua tangu Novemba hata Aprili, na mvua ya mwaka hufikia milimita 1,200 hivi. Ikikaribia, wengi wetu hutazama mabati tu. Lakini nyumba ya matofali mabichi huanza kufa chini. Maji yadondokayo kutoka ukingo wa paa huichimba ardhi, tofali hunywa na kulainika, hata usiku mmoja ukuta waangukia watoto waliolala.

Kinga yake yataka jembe kuliko fedha. Wakati wa kiangazi tuchimbe mfereji kuizunguka nyumba. Tuinamishe ardhi ili maji yaende mbali na ukuta. Tuzibe mashimo kwa udongo wa kichuguu, ule ule tufyatuliao matofali, na kuushindilia.

Maji yakiisha kuingia, tusikimbilie kupaka saruji, maana unyevu uliofungiwa ndani hulila tofali. Tuondoe vitu ukutani, tufungue madirisha, tungoje ukauke. Karibu na ukuta uliopinda au kupasuka sana asilale mtu.

Tena, enyi akina baba, mfereji usiishie mlangoni pa jirani. Kuiokoa nyumba yako kwa kuibomoa ya mwenzio si mapendo ya Kikristu. Kabla ya mvua, majirani waketi pamoja, wapatane njia moja ya maji, na kila jamaa itoe mtu wa kuichimba.