Ardhi ya Kijiji: Tulikubaliana Lini?

Ndugu msomaji, je, kijiji chako kina ngitili?

Sisi wa Shinyanga na Geita tunaijua ngitili. Ni eneo la majani na miti. Tunalitunza wakati wa mvua ili ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi. Zamani ngitili nyingi ziliharibika. Kuanzia mwaka 1986 mradi wa HASHI uliwasaidia wananchi wa Shinyanga kuzirudisha. Ngitili nyingine ni za kaya, nyingine ni za kijiji kizima.

Sasa fikiri. Mtu mwenye fedha anaitaka ngitili ya kijiji. Nani ana haki ya kusema ndiyo au hapana? Ni wewe na wenzako.

Zamani watu hawakuulizwa

Wazee wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Watu wengi walihamishwa bila kuulizwa. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama. Mtu asiyeulizwa hukuta mambo yamekwisha amuliwa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe, mwanamke na mwanamume. Mkutano huo huchagua halmashauri ya kijiji. Una uwezo pia wa kuwaondoa wajumbe wa halmashauri hiyo. Hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu. Inaisimamia ardhi kwa niaba yenu. Haina ruhusa ya kuigawa kabla mkutano mkuu haujakubali. Na leseni ya madini si hati ya ardhi.

Mama aliyesoma kwa kidole

Nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja karibu na machimbo. Mtu mmoja alitaka sehemu ya ngitili ya kijiji aweke karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Siku ya mkutano, muhtasari ulisomwa haraka haraka. Watu walianza kupiga makofi.

Mama mmoja alisimama. Alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Aliomba aione karatasi. Akasoma polepole, kidole chake kikifuata maneno. Kisha akauliza:

"Ndugu Mwenyekiti, hapa pameandikwa kwamba tulikubaliana kutoa ngitili. Tulikubaliana lini?"

Watu walinyamaza. Mwenyekiti hakuwa na jibu, kwa sababu mkutano huo haukuwahi kufanyika. Wananchi walinyosha mikono kupiga kura. Ngitili ikabaki.

Ndugu msomaji, nami nilikuwa nimekaa pale. Habari ile nilikuwa nimeisikia mapema. Nina cheti cha kilimo, lakini nilikaa kimya. Mama yule aliyejua kusoma kwa miaka miwili tu ndiye aliyesema. Niliona haya.

Wewe ufanye nini?

1. Hudhuria mkutano mkuu. Usibaki nyumbani, halafu ukalalamika kisimani au kilabuni.

2. Sikiliza muhtasari unaposomwa. Kama kuna jambo ambalo halikukubaliwa, sema hapo hapo lisahihishwe.

3. Uliza mapato na matumizi ya kijiji. Fedha zilizoingia ni ngapi? Zilifanya kazi gani?

4. Usipojibiwa, nendeni pamoja kwa mtendaji wa kata. Akishindwa, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Bakini na nakala ya barua.

Umejifunza kusoma. Siku ya mkutano, iombe karatasi uisome. Ukisoma polepole si kosa. Kosa ni kupigia makofi jambo usilolijua.